Mwavuli Si Mto wa Kuegemea

(Haya ndiyo niliyowaambia marubani wenzangu tulipokutana kuzungumzia usalama katika kazi ya kupandisha warukaji wa mwavuli. Waliokosa kufika waliomba maneno yote, nami nayaweka kama nilivyoyasema.)

Ndugu mwenyekiti, marubani wenzangu, mafundi wa miavuli mlioketi karibu na mlango kana kwamba mmejiandaa kutoroka, na nyinyi vijana mnaojifunza urubani. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Naona mnavyojipindapinda vitini. Niliomba kila mwenye mwavuli wa dharura aje ameuvaa, na asiuvue mpaka nimalize. Najua mikanda inabana mabega. Vumilieni, kuna sababu, tutaifikia.

Nianze na swali ambalo kila rubani amewahi kumuuliza mrukaji: mtu mwenye akili zake timamu anatokaje kwenye ndege isiyo na kasoro yoyote? Nyote mmeliuliza. Mimi nimeliuliza miaka sita, na kila mara nilicheka mwenyewe kabla ya kujibiwa. Miaka sita kazi yangu ilikuwa kuwapandisha watu hawa, wao wakashuka kwa njia yao, nami nikateremsha ndege tupu kwenda kuchukua wengine. Kwangu mimi walikuwa mzigo. Mzigo unaopiga kelele na kuimba, lakini mzigo. Warukaji mliomo humu mtanisamehe. Mkishindwa, mnajua ninapokaa wakati wa chai.

Sasa sikieni. Miaka yote hiyo sita, mimi mwenyewe nilikuwa na mwavuli mgongoni. Huo huo mlioufunga nyinyi sasa hivi. Mnajua nilikuwa nautumia kwa kazi gani? Kiti cha rubani kwenye ndege yetu kimekwisha sponji. Mwavuli ulinifaa sana. Nilikuwa nauegemea.

Siku moja fundi wa miavuli, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinisimamisha nikielekea kwenye ndege. Akaniuliza, "Kapteni, mpini wako uko wapi?" Yaani ule unaovutwa kuufungua mwavuli. Nikacheka. Nikapeleka mkono kifuani, upande wa kulia. Mpini ulikuwa upande wa kushoto. Mama yule hakusema neno. Alinitazama tu, akainama, akaendelea kukunja mwavuli wa mtu mwingine. Ndugu zangu, afadhali angenitukana.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jioni ile ile nilijiandikisha kujifunza kuruka. Na sikutaka kuruka nikiwa nimefungwa kifuani pa mkufunzi kama mtoto kwenye mbeleko. Hilo nilishalifanya zamani, siku ya sherehe, na sikujifunza lolote zaidi ya kupiga picha. Nilitaka kutoka mlangoni peke yangu.

Jambo la kwanza lililoniingia lilikuwa hili: kichwa kinajua, mkono haujui. Nitalirudia mpaka mnichoke. Kichwa kinajua, mkono haujui.

Tarehe 20 Oktoba 1922, pale McCook Field mjini Dayton, Marekani, Luteni Harold Harris alikuwa angani akijaribu ndege ya Loening. Huyu hakuwa mwanafunzi. Alikuwa ndiye mkuu wa marubani wa majaribio wa kituo kile, na kituo kile ndicho kilichotengeneza na kujaribu miavuli ya jeshi la anga. Kama yupo rubani duniani siku ile aliyejua mpini uko wapi, ni yeye. Ndege ikaanza kutetemeka, usukani ukampiga huku na huku, bawa likaanza kuraruka. Harris akajitoa. Akapeleka mkono, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Akavuta mara ya tatu. Unajua alichokuwa ameshika? Chuma cha mkanda wa mguu. Mara tatu, mtu yule, kwa ujuzi wake wote, alivuta mkanda wa mguu huku ardhi ikimjia. Mwishowe mkono ukaupata mpini, mwavuli ukafunguka akiwa chini sana, akaangukia kwenye kichanja cha mizabibu uani kwa watu. Akatoka na michubuko.

Jeshi lilisherehekea kwamba mwavuli umemwokoa rubani wake, na ni haki. Lakini mimi kila nikiisoma habari ile nasimama pale pale, kwenye zile mara tatu.

Ndiyo maana wakufunzi walitutundika. Nasema kweli, walitutundika kwenye paa la banda kwa mikanda ya mwavuli, miguu ikining'inia, saa nzima na zaidi, kama nguo zinazosubiri jua. Mkufunzi anasimama chini na picha mkononi. Anainua picha ya mwavuli mzuri: unasema "mzuri". Anainua picha ya mwavuli uliojisokota kama kitambaa kilichokamuliwa: unatazama mpini wa kuutupa mwavuli mkubwa, unaushika, unatazama mpini wa mwavuli wa akiba, unaushika, unavuta wa kwanza, unavuta wa pili. Tazama, shika, vuta. Tazama, shika, vuta. Mara ya kumi nikaona wananidharau. Mimi, mwenye saa zangu zote angani? Mara ya ishirini, akainua picha nikiwa nawaza chakula, na mikono yangu ikaenda yenyewe. Hapo nikanyamaza. Watu zamani waliamini kwamba mtu akianguka huru angani atazimia, au mkono hautamtii. Imani hiyo ilivunjwa pale pale McCook Field, tarehe 28 Aprili 1919, Leslie Irvin aliporuka na kuvuta kamba kwa mkono wake mwenyewe. Alivunjika kifundo cha mguu alipotua, lakini alionyesha kwamba mkono hutii. Kwa mtu aliyefundishwa, naongeza mimi.

Haya. Tuje kwenye mruko wenyewe, maana naona vijana wamechoka na historia.

Ndege ilikuwa Cessna 182, ile ile ninayoirusha kila siku. Nimeyakagua mabawa yake mara nyingi kuliko nilivyokagua meno yangu. Siku ile nilikaa sakafuni, nyuma, mgongo kwa mwelekeo wa ndege, magoti ya mtu mwingine mbavuni mwangu. Na kitu cha kwanza nilichogundua, kabla hata hatujaondoka ardhini, ni kwamba kutoka pale huoni saa hata moja ya rubani, zile za mwendo na urefu. Nasikia injini inabadilika sauti, sijui kwa nini. Ndege inalala upande, sijui kwa nini. Miaka sita nimewalaza watu vile bila neno, nikidhani wanajua ninachofanya. Hawajui! Wamekaa pale wanasoma mgongo wako. Ukijikuna shingo wanadhani kuna tatizo.

Urefu ulikuwa mita 1,200. Mwanafunzi wa aina yetu hutoka na kamba iliyofungwa kwenye ndege. Ukianguka, kamba ile ndiyo inayoufungua mwavuli, wewe kazi yako ni kukaza mgongo kama upinde na kuhesabu. Mkufunzi akafungua mlango.

Nani humu amewahi kufunguliwa mlango akiwa amekaa kwenye kiti cha rubani? Wengi. Ni upepo na kelele, basi. Sasa nakuambia, ukiwa umekaa ukingoni miguu ikiwa nje, mlango ule si ule. Upepo unakushika mashavu ya miguu kama mtu anayekuvuta. Mkufunzi akaniambia, "Toka nje." Unaweka mguu kwenye kikanyagio kidogo kilicho juu ya gurudumu, unashika mhimili wa bawa kwa mikono miwili, unajisogeza, unajisogeza, mpaka miguu inaachia, unabaki umening'inia chini ya bawa kama popo.

Nikageuza kichwa. Na kupitia kioo nikakiona kiti changu. Mtu mwingine amekaa. Mkono wake uko pale mkono wangu unapokaa, macho yake kwenye saa zangu. Sijui niseme nini. Nilimwonea wivu na nikamhurumia kwa pamoja. Na nikamkasirikia! Maana hakuwa amepunguza moto wa injini vya kutosha. Upepo wa pangaboi ulikuwa unanipepea miguu kama bendera, vidole vinateleza, nami nikiwa nimening'inia pale, mita 1,200, nikamtukana mwenzangu kimoyomoyo. Kisha nikakumbuka ni nani aliyemfundisha.

Mkufunzi akatikisa kichwa. Nikaachia.

Ninyi marubani mnataka kujua kama tumbo linapanda kama kwenye mfuko wa hewa. Halipandi, kwa sababu tayari unakwenda na mwendo wa ndege. Unapita tu kutoka upepo wa mbele kwenda upepo wa chini. Kuhesabu je? Nilipaswa kusema elfu na moja, elfu na mbili, mpaka elfu na tano. Nakumbuka elfu na moja. Nakumbuka elfu na tano. Hizo nyingine mtauuliza upepo. Ndege ilikuwa inapanda mbali nami, au hivyo ndivyo jicho lilivyoniambia, ikionyesha tumbo lake lenye doa la mafuta ambalo tangu hapo nimelifuta kila asubuhi. Kisha mkanda ukanivuta mabegani, na kelele zote zikaisha.

Nikatazama juu. Tulifundishwa maswali matatu. Ni mstatili? Umetulia? Unatii? Ulikuwa mstatili. Lakini kamba zilikuwa zimesokotana nyuma ya shingo yangu, mizunguko miwili, kichwa hakiinuki vizuri. Mnaona sasa? Siku mbili kabla, jambo hilo lingenipa hofu kubwa. Mikono ikaenda yenyewe, ikatanua mikanda miwili ya juu, miguu ikapiga teke kama mtu anayeendesha baiskeli, mzunguko wa kwanza ukafunguka, wa pili ukafunguka. Kichwa kilifika baadaye kuuliza kuna nini.

Dakika kama tano zilizofuata nilikuwa rubani tena, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mwavuli wa siku hizi si ule wa duara unaoning'inia tu na upepo. Babu wa ule wa duara ni mwavuli wa Mfaransa Garnerin, aliyeshuka kutoka kwenye puto juu ya Paris tarehe 22 Oktoba 1797 chini ya kitambaa kisicho na tundu juu. Hewa ikawa inachuruzika pembeni, akabembea vibaya sana. Huu wa kwetu ni bawa kamili. Una vyumba vilivyo wazi mbele, hewa inaingia, inauvimbisha, unapata umbo la bawa. Ni fikra ya Domina Jalbert ya miaka ya 1960. Vuta kushoto, unageuka kushoto. Vuta zote mbili, unapunguza mwendo. Vuta sana, bawa linapoteza nguvu ya kuinua, kama lenu tu. Unapita sambamba na upepo, unakata kona, unakata kona nyingine, unatua ukiuelekea upepo. Nikasema moyoni: jamani, hii kazi ninaijua.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilijisifu mwenyewe, hata sikungoja kusifiwa. Rubani akikosea kutua hufanya nini? Huongeza moto, huzunguka tena. Nilitambua nikiwa kwenye kona ya mwisho kwamba hakuna kitu cha kuongeza. Na jicho langu limezoea kuuona uwanja kutoka kiti kilicho juu ya magurudumu. Sasa magurudumu yalikuwa miguu yangu. Redio sikioni ikasema, "Ngoja... ngoja..." nami sikungoja. Nilivuta breki zote mbili nikiwa juu mara mbili ya inavyotakiwa. Mwavuli ukasimama hewani. Kwa nukta moja nilisimama angani kama malaika aliyesahau alichotumwa. Kisha nikaanza kushuka kama kiroba.

Redio ikapiga kelele, "Usiachie! Miguu pamoja!" Na hilo vijana mlishike: ukishavuta juu mno, usiachie, maana ukiachia mwavuli unajirusha mbele na kukupigiza chini. Nikabana miguu, nikapinda magoti, nikatua kwa nyayo, nikajiviringisha: shavu la mguu, paja, nyonga, ubavu. Nilifundishwa hivyo nikirukia mchanga kutoka kwenye kisanduku, tena nikiwa nimenuna. Nililala pale nimejifunika kitambaa. Mkufunzi akaja mbio, akauliza kama nimeumia. Nikamwambia niko salama ila nataka kuzungumza na rubani.

Nami nilizungumza naye. Lakini kabla sijawaambia nilichomwambia, hebu niulize: kwa nini rubani asumbuke na haya? Si tuna ndege nzima? Charles Lindbergh, rubani wa Marekani, alijifunza kuruka na mwavuli mwaka 1922, kwa hiari yake, akiwa bado mwanafunzi wa urubani, hana wa kumlazimisha. Kufikia mwisho wa 1926 alikuwa ameokolewa na mwavuli mara nne. Mara nne! Moja ya hizo, usiku wa Septemba 1926 akipeleka barua, mafuta yalimwishia juu ya ukungu, akaruka. Hakuzima swichi, maana injini ilikwisha kufa. Ya nini kuzima kilichokufa? Ndege ikainamisha pua, mabaki ya mafuta yakatiririka hadi kwenye injini, injini ikafufuka. Basi mtu yuko gizani amening'inia kwenye kamba, anasikia ndege yake mwenyewe ikija, ikimzunguka, ikipita, ikirudi. Iliendelea kumzunguka huku wote wawili wakishuka. Akatua mzima. Sasa fikiri kama usiku ule ndio ungekuwa mara yake ya kwanza kuvuta mpini.

Sasa yale niliyomwambia mwenzangu, na ninayowaambia nyinyi. Sikuja hapa kuwataka nyote mruke. Wengine mna migongo mibovu, wengine mna wake zenu, najua. Nimekuja kuwaomba mlango.

Punguzeni moto. Najua visingizio vyote, maana nilivibuni vingine mimi: injini itapoa ghafla, muda unakwenda, kundi jingine linasubiri chini. Panga mapema, punguza kidogo kidogo kabla ya kufika, na injini haitapata baridi. Mtu aliyening'inia kwenye mhimili wako ana vidole kumi tu. Lakini msizidishe upande wa pili pia, maana watu watatu wakisogea mlangoni uzito unarudi nyuma na upande, na mwendo wenu ndio huo huo unaokaribia kukosa nguvu ya kuinua. Ni mahali pembamba. Kaeni hapo kwa makusudi, si kwa mazoea.

Semeni nao. Neno moja kabla ya kona, neno moja kabla ya kufungua mlango. Ni pumzi ngapi hizo?

Na mkia. Mwaka 1914, Tiny Broadwick, msichana mwembamba aliyekuwa akilionyesha jeshi la Marekani namna ya kuruka kutoka kwenye ndege, kamba yake ya kufungulia ilinasa kwenye mkia. Aliikata, akaanguka, akaufungua mwavuli kwa mkono. Yeye aliweza. Kitambaa kikichomoka mlangoni kwako leo kikapita juu ya mkia, huenda msiweze, wewe wala yeye. Kwa hiyo mkufunzi anapokagua pini zinazofunga mfuko wa mwavuli wa mrukaji kabla ya mlango, usimharakishe kwa kutazama saa. Mimi nilikuwa natazama saa.

Na hiyo ndiyo siku utakapouhitaji huo ulioubeba mgongoni. Vipokea sauti vitoke kichwani kwanza, la sivyo waya utakushika shingo. Mkanda wa kiti, mlango, nje. Kisha mkono.

Basi, tufike kwenye sababu ya kuwatesa. Mlio na miavuli, simameni. Wote. Mzee wangu, na wewe. Fumbeni macho. Nasema fumbeni, bwana, nakuona. Mikono chini. Ndege imekatika mkia, mmeshatoka, mnaanguka. Nikihesabu tatu, mkono uende kwenye mpini, uushike, lakini tafadhali msivute, mama fundi yuko humu na atanidai kazi ya kukunja upya.

Moja. Mbili. Tatu.

Bakini hivyo hivyo. Sasa fumbueni.

Ndugu yangu wa mstari wa tatu, hicho ulichoshika ni mkanda wa mguu. Usimcheke, dada; wewe umeshika kalamu.

Haya, fumbeni tena.